Kumsaidia jirani bila kumfunga: mwongozo kwa Wakristo wa Goma

Msamaria wa Luka 10 hakuwa na maneno mengi. Alimwona mtu aliyepigwa, akamsogelea, akamtia mafuta na divai kwenye majeraha, akayafunga, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni na kumtunza. Kesho yake akampa mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua ya siku nzima, kama Mathayo 20 inavyoonyesha. Kwa hiyo alitoa muda wake, mafuta yake, mnyama wake na mshahara wa siku mbili, kisha akashika safari yake. Hatusomi popote kwamba alimngoja majeruhi azinduke ili apokee shukrani.

Paulo anasema katika 1 Wakorintho 13 kwamba mtu anaweza kugawa mali yake yote na bado akawa hana upendo. Kila anayesaidia watu ajiulize basi: baada ya tendo hili, ni nini kinachorudi kwangu? Inaweza kuwa sifa kanisani, deni lisiloandikwa, picha ya kutuma kwenye kundi la simu, au sauti ya kuamua mambo ndani ya nyumba ya mwingine. Hivyo vyote humfunga anayesaidiwa. Mengi tunayoeleza hapa ni namna ya kuvikata kabla havijaota mizizi.

Kujua nani anahitaji nini

Usianze na mji mzima. Chagua nyumba tatu au nne za avenyu yako, za watu unaokutana nao kila siku, na uzifahamu vizuri. Shida ina alama zake: jiko halitoi moshi hadi jioni, watoto wanabaki nyumbani saa za masomo kwa sababu wamefukuzwa kwa ajili ya ada, mama aliyekuwa akishuka Kituku, soko la kando ya ziwa Kivu, kila asubuhi kununua samaki sasa anashinda mlangoni. Ukiona alama moja, ngoja uone ya pili. Ukiona mbili, nenda.

Ukifika usiulize, “Mnahitaji nini?” Goma nzima inajua jibu la swali hilo: “Tuko tu, Mungu anasaidia.” Mtu hawezi kutandika umaskini wake mbele ya mgeni aliyesimama mlangoni. Leta pendekezo dogo, lenye siku na kipimo, ambalo ni rahisi kulikubali na rahisi kulikataa: “Mama, kesho asubuhi kijana wangu anaenda kuchota maji. Akuletee bidoni mbili?” Akikubali bidoni (madumu) mbili, peleka mbili, siku ileile, kabla ya jua kuwa kali. Ukichelewa, atakuwa amekwisha kumtuma mtoto wake mdogo ziwani, na msaada wako utamkuta amechoka tayari. Akikataa, sema “sawa, Mama,” mwachie mlango wazi na usirudie ombi lako siku hiyo.

Mkuu wa shirika lenu (jumuiya ndogo ya kikristo), kama wewe ni Mkatoliki, au kiongozi wa selile (kikundi kidogo cha waumini) kwa Waprotestanti, anaweza kukuambia mengi kuhusu nani ameishiwa. Msikilize, lakini usimfanye mpelelezi, na usirudishe kwenye kikao cha maombi kile ulichoambiwa pembeni. Siri nyingi za watu hutoka kwa njia ya ombi: “Tumkumbuke dada yetu ambaye mume wake...” Kama mhusika hakukubali, muombee kimya.

Mgonjwa hospitalini

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wa nia njema wanapokosea zaidi.

Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa hupikiwa na kufuliwa na familia. Kila kitanda kina mtu wa pili anayelala chini, kwenye mkeka au kitenge, na huyo mara nyingi ndiye mwenye njaa kuliko mgonjwa. Kwa hiyo ukipeleka chakula, pika cha watu wawili. Uliza kwanza kama mgonjwa ameruhusiwa kula na ni nini: aliyepasuliwa jana hapewi bugali, na mwenye presha hatakiwi sambaza (dagaa wa ziwani) zenye chumvi kali. Ukishindwa kupata jibu, peleka uji mwepesi kwa mgonjwa, na bugali na maharagi kwa anayemlinda. Ongeza maji yaliyochemshwa, bidoni ndogo ya lita tano, kipande cha sabuni ya kufulia, na vyombo ambavyo hutaki virudishwe haraka. Sufuria yako nzuri iache nyumbani. Atakayewaza namna ya kuilinda isiibiwe ni mlinzi wa mgonjwa.

Nendeni wawili, msizidi watatu. Kaeni dakika kumi na tano. Kwaya nzima ikiingia wodini Jumapili baada ya ibada, mgonjwa analazimika kukaa, kutabasamu na kueleza ugonjwa wake upya kwa kila anayemsalimia. Jioni homa inapanda. Usimuulize anaumwa nini. Mwambie habari za nyumbani, za mtaa, za watoto wake kama umewaona. Omba kwa sauti ndogo ikiwa amekubali, dakika moja au mbili, ukikumbuka kwamba kitanda cha jirani nacho kina mtu.

Zawadi kubwa kuliko chakula ni usiku mmoja. Mwambie mlinzi wa mgonjwa: “Leo nenda ukalale nyumbani, mimi nitabaki.” Kabla hajaondoka, muulize dawa gani inatolewa saa ngapi, namba ya simu ya nani ipigwe likitokea jambo, na pesa za dharura ziko wapi. Andika kwenye karatasi. Mwanamume asilale kumlinda mwanamke asiye ndugu yake. Tafuta mama mwenzake. Na nyumba aliyoiacha isisahaulike: kuna watoto huko, kuna mlango usiofungwa vizuri, kuna kuku.

Kisha kuna fakitire, yaani hati ya deni la hospitali. Mgonjwa anaweza kupona na bado akazuiliwa hospitalini kwa kuwa hajalipa, huku deni likiongezeka. Ukitaka kusaidia hapo, omba familia ikuonyeshe fakitire, nenda mwenyewe kwenye dirisha la malipo, lipa sehemu uliyoamua, chukua risiti, na umkabidhi mgonjwa au mkewe risiti hiyo ikiwa imekunjwa. Pesa mkononi mbele ya wodi nzima huleta aibu, na wakati mwingine hugawanyika kabla ya kufika dirishani kwa sababu kila ndugu ana hitaji lake. Deni likiwa kubwa, gawaneni watu watano, kila mmoja na fungu lake, na mmoja tu azungumze na hospitali. Watano wakizungumza, kila mmoja ataambiwa jumla tofauti.

Kuna maneno yanayodhuru kuliko ugonjwa. Usimwambie mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa. Wala usikubali, hata kwa kunyamaza, mtu aseme kwamba ugonjwa umetumwa na shangazi, na mke mwenza au na mtoto fulani wa nyumba hiyo. Familia hupasuka kwa sentensi moja ya namna hiyo, na mtoto anayeitwa mchawi anaweza kuishia barabarani katika mtaa wa Birere. Anayetamka hivyo mbele yako, mkatize kwa heshima palepale: “Papa, hilo tusiliseme hapa.”

Jambo moja la nyumbani kila Mkristo wa mji huu alijue, maana maji tunayochota ziwani na kipindupindu ni majirani wa muda mrefu. Mtoto wa jirani akiharisha maji, usikimbilie kuleta soda. Pima lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, koroga, na anyweshwe kidogo kidogo kila baada ya choo. Chumvi ikizidi ni hatari. Onja kwanza, isiwe na chumvi kuliko machozi. Kinywaji hiki ni cha njiani. Akiharisha kama maji ya mchele, akilegea au macho yakiingia ndani, tafuta motari (dereva wa pikipiki) sasa hivi umlipie hadi kituo cha afya. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomgusa, bila kufanya uso wa kumchukia.

Matanga

Siku za kwanza watu ni wengi, viti vinakodishwa, maji na makala (makaa) vinapatikana. Saidia kama wengine, na ukichangia, si lazima jina lako lisomwe kutoka kwenye daftari, unaweza kumpa mweka hazina ukimwomba aandike “mkristo.” Kazi yenyewe huanza watu wakiisha kuondoka. Weka alama kwenye kalenda: wiki ya tatu, mwezi wa pili, na siku ya kwanza ya muhula wa shule. Siku hizo pita, keti, umruhusu mjane ataje jina la mumewe. Wengi huogopa kulitaja mbele yake wakidhani watamkumbusha, kana kwamba alikuwa amesahau.

Ndugu za marehemu wakija kuchukua friji, kiwanja na hata watoto, usibaki kwenye maombi peke yake. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamhesabu mke aliyebaki pamoja na watoto miongoni mwa warithi. Msaidie akusanye cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za kiwanja, avitoe nakala, na nakala zikae kwa mtu anayemwamini. Msindikize kwa mwanasheria au kwa huduma ya haki na amani ya parokia. Huko keti kando yake na umwache aseme mwenyewe. Ukimsemea, umemwondoa kwenye mikono ya shemeji ukamtia kwenye yako.

Kupokea waliokimbia

Watu wa Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Kalehe wamekuwa wakiingia Goma na mizigo kichwani kwa miaka mingi, na familia za Goma zenyewe zimewahi kupokewa na wengine: lava ya volkano ya Nyiragongo ilipokata mji tarehe 17 Januari 2002, na tena mlima ulipotapika tarehe 22 Mei 2021, wakati watu wengi walipohama kuelekea Sake, Minova na Rwanda. Hakuna mtaa hapa usiojua maana ya kulala kwenye sebule ya mtu.

Usiku wa kwanza ni wa kula, kuoga na kulala; usiulize habari za vita. Waliouawa watatajwa wenyewe muda ukifika. Siku ya tatu keti na baba au mama wa familia ile, wakubwa peke yenu, mzungumze waziwazi kuhusu mambo manne: mtalala vipi, tutakula mara ngapi kwa siku, maji tutagawana vipi, na lini tutaketi tena kuangalia hali. Sema hata jambo la choo. Mawe ya lava hayachimbiki kirahisi, mashimo yetu ni mafupi, na nyumba ya watu sita ikiwa ya watu kumi na wanne choo kitajaa mapema. Mwenyeji anayeogopa kuyataja haya kwa kudhani si upendo hununa wiki ya tatu, na mgeni huona uso kabla ya kusikia neno.

Wape mahali pao, hata kama ni kona yenye pazia na sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae kwao. Wape kazi inayofanana na umri na heshima yao. Baba aliyekuwa na ng’ombe Masisi asitumwe kama kijana, mwombe ushauri. Na hapa tuseme kwa ukali kidogo: binti aliyekimbia vita si mtumishi wa bure. Kama watoto wako wanaenda shule na yeye ndiye anayeosha sahani zao, umepata mfanyakazi kwa jina la Kristo. Alale na wasichana wenzake au karibu na mama yake, si sebuleni ambako vijana hupita, na asitumwe kuchota maji usiku.

Msaada ukigawiwa kwa waliokimbia, iwe unga, mafuta au mahema, ni wao. Usidai fungu kwa sababu wanalala kwako. Wakikupa kwa hiari, pokea kidogo na ushukuru, kwa maana kutoa ni heshima ambayo nao wanaihitaji.

Huna nafasi ya kulaza mtu? Tunza mizigo yao. Chajia simu zao. Pika chungu kimoja cha maharagi na sombe (kisamvu) kila Jumatano kwa familia moja ileile, miezi mitatu. Chungu kimoja kila wiki bila kukosa huwasaidia kupanga, kuliko karamu moja ya Noeli.

Pesa

Benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, hata mwenye akiba alijikuta akiomba kwa jirani. Watu wengi walijifunza wakati huo jinsi kukopa kunavyouma.

Kabla ya kutoa, amua moyoni: ni zawadi au ni mkopo? Kisha litamke. “Hizi si deni, Yaya, usinirudishie.” Au: “Hizi ni dola ishirini, unirudishie mwisho wa mwezi wa tisa.” Usipolitamka, wewe utaita mkopo na yeye ataita zawadi, na mtaanza kukwepana njiani. Kama ni mkopo, andikeni kiasi, tarehe na aina ya pesa, dola au faranga, maana faranga ya leo si ya mwezi ujao. Riba hakuna kwa mwenye shida. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaikataza. Usikopeshe ada ya shule ya mwanao wala kodi ya nyumba ya mwezi huu, kwa sababu ukishaihitaji utageuka mdai mkali hata kama hukukusudia.

Akishindwa kulipa, soma Kumbukumbu la Torati 24: mkopeshaji haingii nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani, anasimama nje. Usimfuate kazini, usimtume mtoto kudai, usimtaje kwenye kikundi cha akiba. Mwite peke yake, mara moja, uulize anaweza kulipa kiasi gani kila wiki, hata kama ni faranga chache. Ukiona hawezi kabisa, futa deni lote kwa maneno yanayosikika na uchane karatasi mbele yake. Deni lililofutwa nusu, ambalo hutajwa kila mkigombana, ni zito kuliko lile la kwanza.

Sura hiyohiyo inaagiza kibarua alipwe siku ileile kabla ya jua kuchwa. Mwenye chukudu (kigari cha mbao cha kubebea mizigo), mama anayefua, kijana aliyebeba mawe ya ujenzi, motari aliyekungoja mvuani: mlipe sasa, kwa noti anazoweza kuzitumia, si zile zilizochanika ambazo atakataliwa sokoni. Na bei mliyopatana asubuhi isishuke jioni kwa sababu amechoka kubishana.

Ulimi na kabila

Msamaria na Myahudi hawakuwa wakichangamana. Yesu aliwachagua hao makusudi, na katika Mathayo 5 anauliza: ukiwasalimu ndugu zako tu, umefanya jambo gani la ziada? Kwetu hili lina hatua zake. Mkiwa kwenye teksi au kikao na akawapo asiyejua lugha yenu ya nyumbani, rudini kwenye Kiswahili. Sauti inayosema “watu wa kabila fulani wamefanya hivi” ikiingia kwenye simu yako, iishie hapo. Usiitume mbele hata kwa kuuliza kama ni kweli. Mazungumzo yakianza “hawa watu,” uliza taratibu: “Nani? Aliyefanya ni nani?” Kosa lina mtenda. Na ukisikia mtu wa upande usioupenda amefiwa, nenda ukampe pole mapema, kabla hujapata muda wa kutafuta sababu ya kutokwenda.

Kiasi, na namna ya kukataa

Msamaria alitoa dinari mbili, hakumwaga mfuko wote, na aliendelea na safari. Weka fungu la mwezi kwa ajili ya wengine, lijue mwenzako wa ndoa, na likiisha useme limeisha. Mume anayegawa unga kwa siri huku mkewe akikopa chumvi anapenda kwa jasho la mtu mwingine. Mkisaidia kwa kundi la watu watano, mmoja apumzike kila mwezi bila kuulizwa kwa nini.

Kuna pia mambo ambayo uvumilivu hauyatibu. Mwanamke anayepigwa asirudishwe nyumbani kwa mahubiri ya kusamehe. Mpeleke mahali salama kwanza, kwa daktari pili, na mazungumzo ya familia yangoje. Kama amebakwa, afike kituo cha afya ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai kuanzwa baada ya hapo. Asubuhi ya leo ni bora kuliko jioni, na nguo alizovaa zisifuliwe. Umwambie anakwenda wapi na kwa nini, na aamue mwenyewe nani ajue.

Ukiombwa usichoweza, usiseme “tutaona.” Neno hilo humfanya mtu akungojee na asiende kwingine. Sema: “Papa, hilo siliwezi mwezi huu. Ninaweza kukupeleka kwa fulani kesho saa nne.” Na kesho saa nne uwe umesimama mlangoni kwake.